Pikipiki iliishiwa nguvu kwenye kona za Chimala, tukielekea mkutano wa Mbeya: ni hewa, mafuta au tangi?

#1 Msafiri wa Kabureta

Habari za leo, wakuu. Mwezi Juni tulisafiri watu watatu kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwenye mkutano wa waendesha pikipiki, na badala ya kunyoosha na barabara kuu hadi Uyole, tulikubaliana kukunja kushoto pale Chimala, tupande zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba hadi Matamba, tukatize uwanda wa juu wa Kitulo, kisha tushukie Isyonje na kuingia Mbeya kwa upande wa barabara ya Tukuyu. Mimi nina pikipiki ya cc 250 yenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ya zamani lakini inayotunzwa. Mwenzangu mmoja ana cc 650 ya injekta, inayopima mafuta yenyewe kwa umeme. Wa tatu ana cc 125, ya aina ileile mnayoiona kwenye kila kijiwe cha bodaboda.

Mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, niliumudu bila tabu, tena mchana wa jua kali, nikiwa nyuma ya malori ya mafuta yaliyokuwa yakipanda kwa mwendo wa watu waendao msibani. Tulilala Iringa. Kesho yake nilijaza tangi Makambako, tukafika Chimala mchana. Mambo yalianza kuharibika nilipovuka kona ya thelathini na kitu. Nilikuwa gia ya pili, mkono umekunja mafuta hadi mwisho, na injini ikawa inavuta pumzi kama mtu aliyefunikwa uso kwa kanga iliyolowa maji. Lori la viazi likatokea juu likishuka, nikasimama kulipisha, na injini ikazima palepale. Nikafungua kifuniko cha tangi kuangalia mafuta, nikakuta yako zaidi ya nusu. Baada ya dakika kumi hivi iliwaka, ikapanda vizuri kwa muda, kisha ikarudia maradhi yaleyale tulipokaribia uwanda wa juu, kwenye ukungu na baridi ya kukata vidole. Nilipofungua plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini, niliikuta nyeusi, na nilipoipangusa kwa kidole gumba masizi yalitoka makavu kama ya chungu cha kuni. Tulipoanza kushuka kuelekea Isyonje ilikuwa nzima kabisa, kana kwamba ilikuwa inanidhihaki.

Mkutanoni nilieleza mkasa huu kwa mafundi watatu, nikarudi na majibu matatu. Naomba la nne, lakini lenye sababu. Na swali dogo la pembeni: nilihesabu kona kwa sauti ndani ya helmeti, nikapata 54. Zile tatu ziko wapi?

#2 Fundi Mwanjelwa

Pole kwa safari. Jibu liko wazi, ndugu yangu, na huku kwetu Mbeya tunaliona kila mgeni wa Pwani anapotutembelea. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, kwa hiyo tayari ulikuwa umeacha robo ya nguvu zako njiani. Kibaya zaidi ni kwamba kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam haijui kwamba hewa imepungua, nayo inaendelea kumimina petroli ya Dar es Salaam. Mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, plagi inajaa masizi, na injini inakaba. Ile plagi nyeusi ndiyo ushahidi wako. Ukitaka kupita tena, badilisha jeti kuu, ile inayopitisha petroli ndani ya kabureta, uweke yenye tundu dogo zaidi.

#3 Mzee Kandambili

Kabla hatujaendelea na sayansi, naomba mleta uzi athibitishe jambo moja kwa maandishi. Yule wa cc 125 alikupita au hakukupita?

#4 Msafiri wa Kabureta

Mzee wangu, shikamoo. Alinipita, akanisubiri kona mbili mbele, na nilipofika alikuwa amekwishakula mahindi ya kuchoma.

#5 Dada Plagi

Hapo ndipo maelezo ya Fundi Mwanjelwa (#2) yanapoanza kuyumba. Ile ya cc 125 nayo ni ya kabureta, nayo ilitoka Dar es Salaam, nayo ilipanda mlima uleule siku ileile. Kama hewa nyepesi ingetosha kuzima injini, basi ndogo ndiyo ingetangulia kuzima. Sikatai kwamba nguvu hupungua, lakini kupungua ni kitu kimoja na kuzima ni kitu kingine. Zaidi ya hayo, hewa haikubadilika katika zile dakika kumi alizosimama, sasa kwa nini pikipiki ilipona?

Mimi namuuliza mleta uzi: ulipofungua kifuniko cha tangi, ulisikia sauti? Kifuniko kina tundu dogo la kuingizia hewa ili ichukue nafasi ya petroli inayotumika. Tundu hilo likizibwa na vumbi, tangi linajenga mvuto ndani, petroli inashindwa kuteremka, bakuli la kabureta linakauka, injini inazima. Ukifungua kifuniko, ugonjwa unaisha. Ukifunga, unarudi baada ya kilomita kadhaa. Dalili zako zote ndizo hizo. Pikipiki yangu ilinifanyia hivyo mwaka jana nikipanda kwenda Lushoto, na mafundi wawili walikwishanishauri nibadilishe kabureta nzima.

#6 Msafiri wa Kabureta

Dada, umenishtua. Sauti ilikuwepo, "fyuu" fupi. Nilidhani ni kawaida ya mlimani.

#7 Fundi Mwanjelwa

Tangi lenye mvuto halitii plagi masizi. Likikosesha mafuta, plagi inatoka nyeupe, kwa sababu mafuta ni kidogo na hewa ni nyingi. Mnaeleza magonjwa mawili yanayopingana.

#8 Mwalimu Mstaafu

Nimesoma kwa makini kuanzia #1 na ninaona kila mmoja ameruka jambo moja la msingi, nalo ni mwelekeo wa ile "fyuu". Je, hewa iliingia tangini au ilitoka?

Nitaeleza kwa nini nauliza. Kutoka Chimala hadi juu Kitulo, kanieneo, yaani mgandamizo, ya hewa ya nje hupungua kwa karibu moja ya sita. Kama kifuniko kilikuwa kimeziba kabisa, basi hewa iliyofungiwa ndani ya tangi ilikuwa ni ile nzito ya bondeni, na inapopanda mlimani inataka kutoka nje, haitaki kuvuta ndani. Wakati huohuo petroli inatumika, nafasi inaongezeka, na hilo linaleta mvuto. Nguvu mbili zinavutana, na zaweza hata kufutana. Ongezeni na joto la injini chini ya tangi, ambalo huongeza mvuke wa petroli ndani. Kwa hiyo sauti peke yake haimpi Dada Plagi ushindi. Kama upepo ulitoka nje na kumpiga mleta uzi usoni, nadharia ya tangi imekufa. Kama uliingia ndani, iko hai.

#9 Msafiri wa Kabureta

Mwalimu, nasema kweli sikumbuki. Nakumbuka harufu kali ya petroli usoni, na mwenzangu wa injekta anasema aliisikia hata yeye aliyekuwa hatua tatu nyuma yangu.

#10 Dada Plagi

Tangi lolote ukilifungua juani linanuka. Harufu si ushahidi.

#11 Mwenyeji wa Matamba

Karibuni kwetu. Mimi ni mkazi wa huku na ninaiteremka njia hiyo karibu kila wiki kwa ajili ya soko la Chimala. Nianze na hesabu ya kona, kwa sababu ndiyo inayonihusu zaidi. Idadi inategemea mhesabuji. Kuna mahali ambapo barabara inajikunja mara mbili kwa karibu sana kiasi kwamba mgeni anahesabu kona moja, sisi tunahesabu mbili. Na kuna kona ya chini kabisa ambayo wengi hawaihesabu, kwa kuwa bado wanatazama mlima ulivyosimama mbele yao. Mtu aliyepata 54 huku injini inamfia, tumpe heshima yake.

Kuhusu pikipiki, mbona hakuna aliyetaja baridi? Juni na Julai uwanda wa Kitulo hupata hata sakitu, asubuhi unakuta majani meupe. Wageni wanaijua Kitulo ya Desemba hadi Aprili, ile ya maua, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, wakaja Juni na jiketi la Kariakoo. Mimi mwenyewe miezi hiyo hukinga kabureta yangu kwa kipande cha boksi upande unaopigwa na upepo, na siku nikisahau, inakohoa kwenye ukungu kama alivyoeleza.

#12 Kijana wa Ilula

Jiketi la Kariakoo lina kosa gani? Mimi lilinifikisha Mbeya na kunirudisha.

#13 Mswahili wa Torino

Salaam kutoka Italia. Alilolisema Mwenyeji wa Matamba (#11) lina jina na maelezo kamili, nalo ni barafu ya kabureta. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya koo la kabureta hunyonya joto, na joto la mle ndani linaweza kushuka kwa nyuzi nyingi sana. Kama hewa ina unyevu mwingi, kwa mfano ndani ya ukungu, barafu hujijenga kwenye koo hata kama nje kuna nyuzi joto 10. Koo linakuwa jembamba, hewa inapungua, mafuta yanazidi, plagi inakuwa nyeusi. Unasimama, joto la injini linapanda hadi kwenye kabureta, barafu inayeyuka, unawasha na kuondoka, na fundi akifika hakuti kitu. Marubani wa ndege ndogo wanafundishwa jambo hili mapema kwa sababu limewahi kuua watu. Kwa maelezo haya, masizi ya Fundi Mwanjelwa na dakika kumi za Dada Plagi zinaeleweka pamoja.

Huku jirani nami, Bardonecchia, kuna mkutano wa kila mwaka wa waendesha pikipiki uitwao Stella Alpina, ulioanzishwa mwaka 1966, ambapo watu hupanda njia ya mawe kuelekea pito la mlima la Sommeiller, takribani mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Unafanyika Julai, katikati ya kiangazi cha huku, na bado huko juu unaweza kukuta theluji kando ya njia. Nimepanda mara moja, na nilichokiona ni kwamba wazee wenye pikipiki za kabureta za miaka ya sabini walipanda polepole wakifika wote, huku vijana wakisimama kila baada ya muda kupiga picha na kusingizia kwamba wanapoza injini.

#14 Fundi Mwanjelwa

Naheshimu elimu ya Torino, lakini kona ya thelathini na kitu iko chini ya ukungu. Mleta uzi alisema ukungu alikutana nao mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa na injini ya moto, gia ya pili, mafuta yamekunjwa hadi mwisho. Barafu hupenda zaidi kabureta iliyofunguliwa kidogo.

#15 Mswahili wa Torino

Hilo ni pingamizi la haki. Basi mara ya pili nipeni mimi, mara ya kwanza chukueni ninyi.

#16 Mzee Kandambili

Ninyi mnagawana pikipiki ya mtu kama mirathi.

#17 Iten Juu

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nitaongeza kisa cha upande wa Kenya, ambacho ni kinyume cha hiki. Naishi Iten, mji wa wanariadha ulioko mita 2,400, na pikipiki yangu ya kabureta fundi wa hapa alikuwa ameipunguzia jeti ikawa inaenda vizuri sana. Nikaipeleka Mombasa kwa harusi ya binamu yangu. Kule usawa wa bahari ikawa inachemka kupita kiasi, inapiga makelele ya kugonga ndani ya injini, na plagi ilitoka nyeupe kama chaki. Fundi wa Mombasa akaniambia nimeleta pikipiki ya wanariadha, imezoea hewa kidogo. Kwa hiyo jambo la jeti ni la kweli, na ninamuunga mkono Fundi Mwanjelwa kwa nusu. Nusu nyingine ninaizuia, kwa kuwa pikipiki za jirani zangu zilizotoka kiwandani bila kuguswa jeti zinapanda Iten kila siku, zikiwa dhaifu kidogo, lakini hazizimi.

#18 Mwalimu Mstaafu

Ningependa pia kusahihisha jambo dogo ambalo mwenzenu mmoja aliniandikia pembeni kwamba Rungwe ndio mlima mrefu kuliko yote ya kusini mwa Tanzania. Rungwe una mita 2,960, na Mtorwi ulioko upande wa Kitulo huandikwa mita 2,961. Mita moja si nyingi, lakini imetosha kuwanyima Wanyakyusa usingizi.

#19 Kijana wa Ilula

Mwalimu, hapo umechokoza watu. Tukirudi kwenye pikipiki, hakuna aliyeuliza mizigo. Mleta uzi alibeba nini? Maana watu wa Dar es Salaam wakienda mkutanoni wanabeba hema, godoro, jiko la gesi na mashati manne ya kubadilisha. Ukiweka kilo 40 nyuma kwenye mwinuko ule, klachi inaweza kuanza kuteleza, ikipoa inashika tena. Dakika kumi zinatosha kabisa.

#20 Msafiri wa Kabureta

Nilibeba hema, mashati mawili, na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nilivyoagizwa na shemeji yangu wa Mbeya, debe moja. Lakini klachi naikataa. Klachi ikiteleza injini hupiga kelele kubwa na pikipiki haiendi. Yangu ilikuwa inanyamaza.

#21 Bwana 125

Nimeusubiri uzi huu ufike mahali pake ndipo niseme. Mimi ndiye niliyekula mahindi. Namheshimu sana mwenzangu, ni mkubwa kwangu, na ndiye aliyenifundisha kuendesha, lakini kuna jambo hajawaeleza.

Usiku ule wa Iringa, tulipomaliza kula, aliamua kusafisha kichujio cha hewa, kile cha sponji. Alikiosha kwa petroli, kisha akakimwagia oili ya injini kama mtu anayeunga mchuzi. Nilimwambia, "Kaka, kikamue kwanza," akanijibu kwamba vumbi la Matamba linahitaji oili ya kutosha. Asubuhi kulikuwa na doa la oili chini ya pikipiki ukubwa wa sahani ya wali. Sasa nawauliza wataalamu: kichujio kilicholoa namna hiyo kinapitisha hewa kiasi gani?

#22 Dada Plagi

Subhanallah.

#23 Mzee Kandambili

Kurasa zote hizi tumemsingizia Mungu na hewa yake.

#24 Fundi Mwanjelwa

Basi tumefika. Kichujio kimeziba nusu kwa oili, mlima ukapunguza hewa iliyobaki, mchanganyiko ukazidi mafuta maradufu. Plagi nyeusi. Ya cc 125 ilikuwa na kichujio kikavu, ikapita. Nadharia yangu imesimama, imeongezewa oili tu.

#25 Msafiri wa Kabureta

Nakiri oili ilikuwa nyingi, na Bwana 125 tutaonana. Hata hivyo siwezi kukubali moja kwa moja. Kutoka Iringa hadi Chimala ni mwendo wa saa kadhaa, na Mafinga na Makambako si bondeni, lakini pikipiki ilikwenda vizuri kwa mwendo wa 90. Na kushuka Isyonje, kichujio kikiwa kilekile, ilikuwa nzima.

#26 Mwalimu Mstaafu

Ya Isyonje ondoa kwenye hoja zako, kijana wangu. Ule ni mteremko. Hata baiskeli isiyo na mnyororo ingeshuka ikiwa nzima. Ila hoja yako ya Makambako ina uzito, nami sina jibu lake la haraka, isipokuwa kama oili ilikuwa bado inajikusanya taratibu sehemu ya chini ya sponji kwa mtikisiko wa njia ya mawe.

#27 Mwenyeji wa Matamba

Au petroli ya Makambako. Alisema alijaza pale, na matatizo yakaja baada ya hapo. Sisemi kwamba kituo kilichakachua, maana siku hizi mafuta yanawekewa vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, na mamlaka ya nishati, EWURA, hupita kupima. Lakini maji kidogo chini ya tangi yanatosha, na pikipiki ikiinama nyuma kwenye mwinuko, maji huhamia yanakotaka.

#28 Fundi Mwanjelwa

Maji kwenye petroli yangemsumbua hata Kitulo kwenye tambarare na hata Uyole. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, mwaga kwenye chupa nyeupe, utayaona yamekaa chini.

#29 Msafiri wa Kabureta

Nimerudi na taarifa, baada ya wiki tatu. Chupa ya Fundi Mwanjelwa niliijaribu: hakuna tone la maji. Tundu la kifuniko nililikuta limeziba kwa tope gumu, nikalizibua kwa sindano ya cherehani. Kichujio nilikiosha na safari hii nilikikamua hadi mikono ikauma. Kisha wikiendi iliyopita nilikwenda Iringa kwa shughuli za familia, nikaipanda Kitonga na mzigo uleule, hema na debe la vitunguu, bila kusimama hata mara moja. Nguvu zilikuwa nyingi kuliko nilivyozizoea.

#30 Dada Plagi

Tope gumu kwenye tundu. Naomba wote walioniita mshabiki wa matangi waandike majina yao hapa chini.

#31 Fundi Mwanjelwa

Kichujio kilichokamuliwa. Naomba Dada Plagi asome sentensi inayofuata ile aliyoipenda.

#32 Mswahili wa Torino

Tena Kitonga hakuna ukungu wala baridi. Na isitoshe, Kitonga hata mara ya kwanza haikumsumbua, kama alivyosema mwenyewe #1. Jaribio lilipaswa kufanyika Chimala.

#33 Mwalimu Mstaafu

Swali moja tu kwa mleta uzi. Plagi uliyopandia Kitonga ni ile ile yenye masizi?

#34 Msafiri wa Kabureta

Hapana, Mwalimu. Niliweka mpya.

#35 Mwalimu Mstaafu

Umezibua kifuniko, umekamua kichujio, umebadilisha plagi, kisha umepanda mlima mwingine.

#36 Mzee Kandambili

Na kona za Kitonga ulizihesabu?